Begi Chini ya Siti: Maswali Yenu Kuhusu Mwanzo wa Filamu

*Shikamoo dada. Filamu yetu ya kumalizia chuo ni ya kusisimua. Inaanza na kijana anakimbizwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na watu watatu wenye mapanga. Wenzangu wanasema haishtui. Tumekosea wapi? (Mabibo)*

Marahaba, mdogo wangu. Huyo kijana simjui, ndiyo shida. Tena Kariakoo mtu akitimua mbio, wengi tunajua ni kibaka, kwa hiyo nusu ya watazamaji wako watakuwa upande wa wenye mapanga.

Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za kusisimua, alikuwa na mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka ghafla, mtazamaji anashtuka kwa sekunde 15. Lakini akijua lipo, na waliokaa mezani hawana habari, utamtesa dakika 15 nzima. Lilete bomu hilo kwenye daladala. Abiria mmoja anashuka Buguruni na kuacha begi jeusi chini ya siti. Tumemwona sisi tu. Mama mwenye kapu anakaa palepale, konda anagonga sarafu akidai nauli, mambo yanaendelea. Mara simu inaita ndani ya begi. "Simu ya nani hiyo?" Kimya.

Hapo hujakodi panga hata moja. Kabla hamjagusa kamera, chora shoti zote kwenye daftari, hata watu wa vijiti wanatosha, na chini ya kila mchoro andika mtazamaji amejua nini kipya. Ukikosa cha kuandika, shoti hiyo ife. Nimewahi kuona kundi likimaliza siku nzima kupiga shoti nzuri ajabu za mawimbi ya Coco Beach. Hakuna hata moja iliyoingia.

*Tunaweza kupiga kwenye kivuko cha Kigamboni kwa simu tu, kimyakimya? (Kigamboni)*

Msijaribu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali hata kama kamera yenu ni ndogo, na anayekishughulikia ni Bodi ya Filamu. Nendeni na barua ya chuo na muswada, kisha muwaone na wenye kivuko. Halafu kumbukeni Ikulu iko upande wa Magogoni, hatua chache kutoka Feri. Kamera ikigeukia huko, mtaandika maelezo kituoni badala ya muswada.

*Nataka jioni ya bluu, si usiku mweusi. Nipange saa ngapi? (Sinza)*

Dar jua huzama baada ya saa 12 jioni na kabla ya saa 1, mwaka mzima, na giza letu halina subira: bluu unayoitaka unaipata kama dakika 20 tu. Fanyeni mazoezi tangu saa 10, mwanga ukifika mpige bila kubishana. Shoti mbili, tatu zikizidi.

Na adhana ya Magharibi itaingia dakika hizohizo. Kundi moja nililosaidia lilisahau, mazungumzo yote yakaharibika. Mimi ningepanga shoti hizo ziwe bila maneno, sauti ya mtaa irekodiwe peke yake siku nyingine, kwa utulivu.

*Taa za tyubu zinapiga mistari kwenye picha. Kamera mbovu? (Tabata)*

Nzima kabisa. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa hupepesa mara mbili; kwa hiyo taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde. Mistari ikibaki, zima tyubu, washa taa nyingine.

*Majina ya waigizaji yaje mwanzoni? (Mbagala)*

Jina la filamu tu, nalo lije baada ya simu kuita. Mjomba aliyewaazima daladala atasubiri mwisho.