Kwa mnaoanza msimu wa kwanza kwenye nyumba za opera Ujerumani

Wadogo zangu, karibuni sana. Moyo wangu hufurahi kila ninapoona majina ya kwetu kwenye orodha za waimbaji wa kudumu huku. Ila juzi mmoja wenu alinionyesha kalenda yake ya msimu, kila kisanduku kimejaa, naye anachekelea. Mwaka jana alikuwa mwingine, kalenda ileile. Jamani, hebu tuongee.

1. Noti za mistari zisomeni vizuri kabla ya Septemba. Sol-fa ndiyo iliyotulea kwenye kwaya, na sikio iliyokupa hakuna wa kukunyang'anya, lakini mpiga piano wa mazoezi hana muda wa kukusubiri ugeuze kila ukurasa kuwa do re mi.

2. Okestra nyingi za huku hutuni A, noti ambayo vyombo vyote hulinganishwa nayo, kwenye hezi 443, si 440. Noti yako ya juu itapanda kidogo zaidi ya ulivyoizoea. Izoee chumbani kwako, si siku ya mazoezi ya kwanza na okestra.

3. Desemba. Hapa nitakaa.

Mtapewa Hänsel und Gretel, hilo halina mjadala. Tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza Weimar, tarehe 23 Desemba 1893, Richard Strauss akiongoza okestra, imekuwa opera ya Krismasi ya Wajerumani, na nyumba nyingi huiweka asubuhi ili shule zilete watoto. Baritoni (sauti ya kiume ya kati) aliyefika juzi anatazama nafasi ya Baba, mtengeneza mifagio, anasema hii ni hadithi ya watoto, nitapita. Hapiti. Humperdinck, mtunzi wake, alikuwa msaidizi wa mtunzi Wagner kule Bayreuth wakati wa opera ya Parsifal, na okestra aliyoiandika humfunika mwimbaji asiyejipanga.

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa na Baba asubuhi, na Marcello wa opera ya La bohème jioni za wiki hizohizo. Katikati palikuwa na siku ya mapumziko. Kanisa moja la mji jirani likapiga simu: besi wao wa Messiah ya Handel kaugua, naweza kuja? Messiah! Kazi niliyokua nayo kila Krismasi, nimesimama mstari wa nyuma kabisa wa kwaya, nikimwonea wivu yule anayeimba peke yake. Nikakubali kabla hawajamaliza kuuliza. Kibali cha nyumba yangu ya opera cha kutoka mjini sikuomba. Nikaimba ile aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya tarumbeta na marudio yake yote, nikarudi na treni ya usiku, nikaamka sauti imekwaruza.

Hapo bado palikuwa na njia. Ningepiga simu mapema asubuhi, yangeishia hapo. Badala yake nikameza aspirini, nikapanda jukwaani. Tulikolelewa, anayeimba akiwa mgonjwa husifiwa. Wazee wa kwaya watakwambia Mungu atatia nguvu, nami niliamini kwa dhati kwamba kubaki kitandani ni kuwaangusha wenzangu. Baba anaingia kwa wimbo, na katikati ya wimbo huo sauti ikakatika kama taa iliyozimwa. Nilimaliza onyesho nikichezesha midomo tu, ukumbi umejaa watoto.

Daktari wa koo akapitisha kamera puani, akanigeuzia skrini nijionee: uzi mmoja wa sauti mweupe, wa pili mwekundu wote. Kimshipa kilikuwa kimepasuka, na aspirini, kwa kuwa huzuia damu kuganda, ni kitu cha mwisho ambacho ningepaswa kumeza. Akaniandikia ukimya kamili, hata kunong'ona marufuku. Onyesho lililofuata, mwenzetu aliendesha gari kwenye theluji kutoka mji mwingine, akaimba amesimama pembeni ya jukwaa na nakala mkononi, huku msaidizi wa mwongozaji amevaa koti langu na kubeba mifagio yangu, akiigiza bila sauti. Nilitazama kutoka viti vya nyuma. Mpaka leo linaniuma.

Na sheria ilikuwa upande wangu! Mwajiriwa wa kudumu akiugua, mshahara unaendelea hadi wiki 6. Anayekosa malipo asipoimba ni mwimbaji mgeni, yule anayelipwa kwa kila onyesho, na hata yeye, koo lake ni la maisha yote. Kwa hiyo likikwaruza: simu, daktari, kitanda. Aspirini iacheni kabatini.

4. Tangawizi, asali na ndimu kunyweni kwa raha zenu, ila kinachomezwa hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Kinachozifikia ni mvuke, jifukizeni.

5. Kuimba nusu sauti kwenye mazoezi si uvivu. Mwambie kondakta kabla hamjaanza, basi.

6. Kwa mkataba wa kawaida wa mwimbaji wa kudumu, nyumba isiyotaka kuendelea nawe inatakiwa ikuarifu kwa maandishi ifikapo tarehe 31 Oktoba. Ikinyamaza, mkataba unajirefusha kwa msimu mmoja. Ndiyo maana nawasihi Septemba na Oktoba msizipangie kazi za nje hata kidogo. Ukiitwa ofisini miezi hiyo kuhusu mkataba, zungumza kwanza na mjumbe wa chama cha wafanyakazi.

Na kibali kiombeni kwa maandishi, hata kwa kazi ya jioni moja. Ofisi ya mipango, inayopanga ratiba ya nyumba, ikikataa, imekataa. Nipeni namba ya hilo kanisa lililowaita, nitawatafutia besi mwingine.