Nani Amewaambia Kwamba Mwalimu wa Kujitolea Hagharimu Kitu?

SWALI: Ndugu mtaalamu, tunaendesha mradi wa kuwasaidia watoto wa darasa la tatu na la nne wanaosoma kwa shida. Mwaka huu tumeandikisha watoto 600. Walimu 20 wanajitolea baada ya masomo, saa 6 kwa wiki, kwa wiki 30. Vitabu na kompyuta kibao tumepewa msaada, na tunatumia madarasa ya shule. Tumechukua fedha zote tulizotumia tukazigawanya kwa 600, na gharama kwa kila mtoto imetoka ndogo sana, theluthi moja ya mradi mwingine wa aina yetu. Katika mtihani wa mwisho watoto walipanda kwa wastani wa alama 20. Mshauri tuliyemwajiri kwa siku mbili anasema huo ni ushahidi tosha kwamba sisi ni nafuu mara tatu. Mfadhili anaisubiri hesabu hiyo. Tuitume?

JIBU: Msiitume.

Hesabu za namna hii hunifikia kila msimu wa ripoti, na kosa huwa ni lilelile. Mtu hufungua daftari la matumizi, hujumlisha, hugawanya kwa idadi ya watoto, kisha huita jibu lake gharama ya mradi. Hizo ni fedha zilizopita mikononi mwa mhasibu wenu tu. Daftari lile liliandikwa kwa ajili ya mkaguzi anayeuliza fedha zimekwenda wapi. Halimsaidii mtu anayetaka kuanzisha mradi kama wenu mahali ambapo hakuna wa kujitolea, hakuna msaada wa vitabu, na madarasa yamejaa hadi jioni. Huyo akiisoma namba yenu ataiamini, atapanga bajeti kwa kuifuata, na katikati ya mwaka atakwama.

Nianze na walimu, maana hapo ndipo uvumilivu wangu huisha. Walimu 20 kwa saa 6 kwa wiki 30 ni saa 3,600. Tukiuchukua mwaka wa kazi wa mtu mmoja kuwa saa 1,800, yaani saa 40 kwa wiki kwa wiki 45, mmetumia miaka miwili kamili ya kazi ya mwalimu. Miaka miwili, nanyi mmeandika sifuri! Na hapo sijagusa saa za kuandaa vipindi na kusahihisha, ambazo hamkuzitaja lakini lazima zipo. Walimu hao hawakulipwa, sawa. Maana yake ni kwamba gharama wameibeba wao, kwa saa ambazo wangefundisha kwa malipo, wangeshughulikia darasa lao wenyewe, au wangepumzika. Gharama ya kitu ni kile kilichoachwa ili kitu hicho kipatikane, na kukosekana kwa risiti hakubadilishi chochote. Nimewahi kubishana na mratibu mmoja kwa jioni nzima juu ya jambo hili. Mwishoni aliniambia kwamba nikihesabu hivyo mradi wake utaonekana ghali. Nikamjibu kwamba ghali ulikuwa tangu mwanzo, isipokuwa waliokuwa wakiulipia hawakuwa wamealikwa kwenye kikao.

Njia ya kufanya kazi hii si siri. Henry Levin, mchumi wa elimu wa Marekani, aliieleza tangu 1975, na inajulikana kama mbinu ya viambato. Unaandika kila kilichoingia kwenye mradi, kama mpishi aandikavyo vilivyoingia chunguni: watu na saa zao, vyumba, vifaa, usafiri, mafunzo, muda wa wazazi. Unaandika kiasi chake bila kujali nani alilipa, kisha unakipa kila kimoja bei yake ya soko. Nani alibeba kipi ni swali la mwisho, nalo lina safu zake: mfadhili, shule, wazazi, waliojitolea. Mshauri wenu ameanzia mwisho, tena kwa safu moja.

Kompyuta kibao zina mtego wa pande mbili. Nyinyi mmeziandika sifuri kwa kuwa ni msaada. Wengine huziandika zote kwenye mwaka wa kwanza, wakajikuta na mradi unaotisha mwaka huo na wa karibu bure mwaka unaofuata. Kifaa hugawanywa kwa miaka ya uhai wake. Cha thamani ya 1,000, kwa sarafu yoyote, kikidumu miaka 5 na riba ikiwa asilimia 3, kinabeba takriban 218 kila mwaka. Zile 18 zinazozidi 200 ni kwa sababu fedha iliyofungwa ndani ya kifaa ingeweza kufanya kazi nyingine. Madarasa ni jambo dogo: kama hakuna mwingine anayeyahitaji saa zile, hesabuni umeme, usafi na mlinzi, mwendelee.

Sasa hao 600. Ni walioandikishwa, au walioendelea kuja? Na mtihani wa mwisho walifanya wote, au waliobaki tu? Wanaoacha mara nyingi ndio waliokuwa nyuma zaidi, hivyo wastani hupanda kwa kuondoka kwao bila mtu yeyote kujifunza herufi. Tuseme waliobaki ni 380: kuweka gharama za watoto 600 karibu na alama za hao 380 ni kulinganisha vitu viwili visivyohusiana.

Hata alama zenyewe si zenu zote. Mtoto wa darasa la tatu hujifunza kusoma ndani ya mwaka hata asipohudhuria mradi wowote, yuko shuleni. Tuseme watoto wanaofanana na wenu, wasiokuwa kwenye mradi, walipanda alama 14. Basi mchango wenu ni alama 6, na gharama ya ziada ndiyo inayogawanywa kwa hizo 6. Bila kundi la kulinganisha mna gharama tu, hamna matokeo ya kuiwekea.

Na hapa ndipo penye dhana inayoniudhi kuliko zote: kwamba mradi wa bei ndogo kwa kila mtoto ndio wenye tija. Mradi wa kwanza unagharimu 40 kwa mtoto na kumwongezea alama 8. Wa pili unagharimu 60 na kuongeza alama 20. Katika wa kwanza kila alama imenunuliwa kwa 5, katika wa pili kwa 3. Ule uliokuwa ghali ndio nafuu. Hili si la nadharia tu. Katika miaka ya 1980 Levin na wenzake walilinganisha njia nne: kompyuta za kufundishia, madarasa madogo, kuongeza muda wa masomo, na wanafunzi wakubwa kuwafundisha wadogo chini ya usimamizi. Hiyo ya mwisho ilikuwa miongoni mwa zilizogharimu zaidi kwa kila mwanafunzi, kwa sababu kusimamia kunahitaji watu wazima wanaolipwa. Ndiyo pia iliyotoa mafanikio makubwa zaidi kwa kila fedha iliyotumika. Mtu aliyetazama safu ya gharama peke yake angeitupa kwanza.

Biashara ya kuufupisha mradi mzima kuwa namba moja tu imekuwa kubwa. Kuna wanaouza majedwali ya kujaza, unaingiza bajeti na idadi ya watoto, yanakutolea "thamani ya fedha" yenye desimali mbili. Kuna wanaopanga miradi kwenye orodha kutoka ya kwanza hadi ya ishirini, kana kwamba ni ligi ya mpira, huku huu umepima kusoma, ule umepima mahudhurio, na mwingine umepima walimu waliofurahia semina. Halafu namba ya shule 12 inachukuliwa kuwa ya nchi nzima. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, walijaribu madarasa yenye wanafunzi wachache kati ya 1985 na 1989 na watoto wakafaidika. California mwaka 1996 wakapunguza idadi ya wanafunzi katika kila darasa la miaka ya mwanzo, jimbo zima kwa mkupuo. Walimu wenye sifa hawakutosha, shule zikaajiri wasiokuwa na vyeti kamili, na shule za maskini ndizo zilizoumia zaidi. Bei ya mwalimu mzuri ukimtafuta mmoja siyo bei yake ukitafuta maelfu kwa siku moja, na hilo hakuna jedwali la kujaza litakalokuambia.

Mwandikieni mfadhili kwamba mnachoweza kutoa sasa ni matumizi, si gharama, na mwombeni muda. Kaeni na walimu mkiwa na daftari tupu, mwandike saa zao zote, zikiwemo za nyumbani. Tafuteni alama za watoto wa shule jirani ambazo hazina mradi. Mkishapata uwiano wenu wa gharama na alama, rudieni hesabu kwa mshahara wa chini na wa juu wa mwalimu, na kwa kompyuta kudumu miaka 3 badala ya 5, mtume majibu yote. Na kabla ya kumlipa mshauri sehemu iliyobaki, mwombeni awaonyeshe ni mstari gani ameziweka zile saa 3,600.