Ugoro si sigara, lakini kipimo cha bima kinauona

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni dereva wa lori, mtu wa Tanga, nina miaka 38 na naishi Houston na mke na watoto wawili. Nataka kukata bima ya maisha ya miaka 20, ya dola 500,000. Fomu inauliza kama nimetumia tumbaku miezi 12 iliyopita. Sigara sivuti, ila safari za usiku naweka ugoro mdomoni nisisinzie. Rafiki yangu ananiambia nijaze "hapana", halafu niache wiki moja kabla ya vipimo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Jaza "ndiyo".

Ujue kwanza unanunua nini. Bima ya muda haina akiba ndani yake. Unalipa kiasi kilekile kila mwezi. Ukifariki ndani ya ile miaka 20, mkeo, kama ndiye uliyemwandika mnufaika, analipwa dola 500,000 zote, hata uwe umelipia miezi mitatu tu. Ukifika miaka 58 uko hai, mkataba umekwisha na hurudishiwi kitu. Ndiyo maana bei yake ni nafuu, kwani wengi huumaliza muda wakiwa wazima. Na ndiyo maana wanakuchunguza sana mwanzoni: bei ikishafungwa, hawawezi kukupandishia njiani.

Sasa ugoro. Nikotini ikiingia mwilini hugeuka kotinini, na hiyo ndiyo wanayoitafuta. Nesi atakuja mpaka nyumbani, akupime presha, akutoe damu, akupe kikopo cha mkojo. Kipimo hakijui kama umevuta sigara au shisha, au umeweka ugoro. Hata plasta ya kusaidia kuacha kinaiona. Ukiacha wiki moja pengine utapita. Lakini umeulizwa miezi 12, na sahihi ni yako. Kampuni inaweza pia kuomba faili lako la hospitali, na kama ulishamtajia daktari ugoro, hilo limeandikwa humo.

Nimekuwa wakala wa bima hapa Marekani miaka 14, na kuna siku moja jikoni kwa mteja sijaisahau. Mama wa watu alikuwa na mwezi mmoja tu wa ujane. Mumewe alikuwa mvutaji, akaandika kwamba havuti. Mwezi wa 19 wa bima yake, moyo ukasimama. Miaka miwili ya kwanza kampuni ina haki ya kuirudia fomu na kuipekua. Ilileta barua ya ukurasa mmoja na hundi ya dola 1,140, yaani yale malipo ya marehemu, basi. Yule mama aliikunja hundi mara nne, akaisukuma chini ya kopo la sukari. Fomu ile niliijaza mimi. Nilisikia harufu ya sigara kwenye koti la mumewe, nikanyamaza. Tangu siku hiyo sinyamazi.

Bei itakuuma, sikufichi. Mtumiaji wa tumbaku mara nyingi hulipa mara 2 hadi 3 ya asiyetumia. Lakini kampuni hazifanani, na baadhi humtofautisha mtu wa ugoro na mvuta sigara. Kwa hiyo tafuta wakala asiyefungwa na kampuni moja, mwambie wazi ni ugoro, mara ngapi kwa wiki, akutafutie bei kwa kadhaa. Dola 500,000 zikikushinda, anza na 250,000.

Usiseme utaacha kwanza ndipo ukate bima. Uko barabarani usiku, na watoto bado wadogo. Kata sasa kwa bei ya mtumiaji, kisha acha. Ukitimiza miezi 12 bila tumbaku yoyote, omba upimwe upya. Kampuni nyingi zitakushushia malipo. Ila uliza hilo kabla ya kutia sahihi, wakuonyeshe palipoandikwa.

Siku utakayotupa kopo la mwisho la ugoro, iandike tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Na mkeo ajue mkataba umeuweka wapi.