Jibu: Doa jeusi kwenye unyayo wa mzee
Pole sana ndugu. Umesema mzee wako huko Newala ana doa jeusi kisiginoni tangu mwaka jana, linatanuka, naye anashikilia kuwa ni mwiba wa shambani kwenye mikorosho. Mwiba hautanuki hivyo! Kwa sisi weusi, melanoma (saratani ya ngozi) hupenda hasa unyayo na chini ya kucha. Ya Bob Marley ilianzia kidole cha mguu. Doa la mjomba wangu lilikuwa na kingo zisizo sawa kama ramani, weusi umechanganyika na kahawia, baadaye likatoa majimaji. Tulipaka dawa ya fangasi tukapoteza muda. Msilikwangue, msilichome. Mpelekeni hospitali ya Ligula, Mtwara, mwombe akatwe kipande kidogo cha doa kikapimwe maabara; kwa macho tu haithibitiki. Mpapaseni pia kinenani kama ana mitoki.