Zawadi za sikukuu za kuusaidia mto: maoni ya mweka hazina

Mleta mada anauliza awape nini ndugu na wafanyakazi wenzake sikukuu hizi, kitu cha kuusaidia mto unaopita karibu nao, na hataki vikombe vyenye picha ya samaki. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kujitolea cha kutunza mto, mwaka wa sita huu, kwa hiyo zawadi za aina hii nimezitoa na nimezipokea.

Nianze na hivyo vikombe, maana umenichokoza. Kuna mwaka nililetewa fulana iliyoandikwa kwamba sehemu ya mauzo inakwenda kwenye mito. Nikamwandikia muuzaji: sehemu kiasi gani, na mto upi? Mpaka leo kimya. Asiyetaja kiasi wala anayepokea, huyo anauza fulana tu. Afadhali fedha hiyo uipeleke kwa kikundi kinachohangaika na mto wenu, risiti iandikwe jina la unayempa zawadi, na usiiwekee masharti. Miche kila mtu anataka kuchangia kwa sababu inapendeza kwenye picha. Glavu, nauli na tairi la toroli havina mfadhili. Sisi tuliwahi kuwa na miche 300 na majembe manne.

Tatizo la kadi ya mchango ni kwamba mtu anaisoma, anashukuru, anaitia kwenye droo. Baba mkwe wangu alifanya hivyo hivyo. Mwaka uliofuata nikampa bomba la kupimia tope. Ni bomba refu linaloonyesha ndani, lina alama za sentimita ubavuni na kisahani cha rangi nyeusi na nyeupe chini kabisa. Unalijaza maji ya mto, unachungulia kwa juu, kisahani hukioni. Unayaachia maji kidogo kidogo kwa mrija wa chini mpaka kitokeze, unafunga, unasoma kimo. Kimo kikiwa kifupi, tope ni jingi. (Wazo la kisahani si jipya: padri Angelo Secchi wa Italia alikuwa akishusha cheupe baharini mwaka 1865.) Mzee alinicheka sana. Baada ya mvua kubwa ya pili akanipigia simu alfajiri: juu ya daraja sentimita 58, chini ya daraja 11. "Hapo katikati kuna mtu anachimba." Tukaenda, tukakuta kiwanja cha ujenzi, udongo umeachwa wazi hadi ukingoni. Sasa yuko kwenye daftari la tatu, na ukimtembelea lazima usomewe.

Kwa watoto, kioo cha kukuzia na sinia jeupe vinatosha. Wainue jiwe penye kina kifupi, watafute wadudu wachanga bapa wenye mikia mitatu kama nyuzi. Wengi wa jamii hiyo hawavumilii maji yaliyopungukiwa oksijeni, kwa hiyo kuwakuta tele ni habari njema. Jiwe lirudishwe lilivyokuwa. Ni paa la mtu.

Mwenye nyumba mpe pipa la kukinga mvua. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 60 za mraba likipigwa na milimita 10 linaweza kutoa hadi lita 600, maji ambayo vinginevyo yangekimbilia mtoni yakizoa mafuta na takataka za barabarani. Liwe na mfuniko, mbu wasije wakafanya makazi.

Mvuvi wa ndoano mpe chubwi, yaani vile vizito vya kuzamishia ndoano, zisizo za madini ya risasi. Uingereza ilipiga marufuku kuuza chubwi nyingi za risasi mwaka 1987 kwa sababu mabata maji walikuwa wakizimeza na kufa.

Miche, sawa, ila iwe ya miti ya asili ya kingo hizo hizo, na isipandwe kiangazi eti kwa sababu sikukuu imeangukia hapo. Nilifanya kosa hilo mara moja, nikabeba ndoo miezi miwili na bado ikafa.

Kabla hujanunua chochote, kiulize kikundi chenu kinakosa nini. Mwaka huu sisi tunatafuta tupa za kunolea mapanga na mabuti ya mpira namba 45, maana kuna kijana wetu anaingia mtoni na ndala.