Leseni ya uvuvi ninayo, sasa faini ya nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Kent, jimbo la Washington, Marekani. Nilikata leseni ya uvuvi ya mwaka, nikapewa na kibali cha gari bila malipo. Jumamosi nilikwenda kuvua kwenye ziwa lililo ndani ya mbuga ya jimbo, kibali nikakitundika kwenye kioo. Kurudi nakuta karatasi ya faini, dola 99. Leseni na mbuga si vyote vya serikali moja? Nilipe tu?

JIBU: Marahaba. Kabla ya kulipa, angalia tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo. Sheria ya Washington inakupa siku 15: ukinunua Discover Pass, yaani kibali cha jimbo cha kuegesha gari kwenye mbuga, na kupeleka mahakamani uthibitisho wa kuinunua, faini inashuka hadi dola 59. Tangu Oktoba 2025 kibali hicho kwa mwaka ni dola 45. Piga hesabu: 59 na 45 ni 104. Kwa dola tano zaidi, ukiacha ada ndogo za wakala, unabaki na kibali cha mwaka mzima. Mimi ningefanya hivyo, tena mapema, maana siku 15 haziongezwi kwa sababu ulikuwa na shughuli nyingi kazini.

Sasa kuhusu serikali moja. Serikali ni moja, ila ardhi ina wenyewe watatu: mbuga za jimbo, Idara ya Samaki na Wanyamapori, na Idara ya Maliasili. Kibali ulichopewa pamoja na leseni kinatumika kwenye maeneo ya Idara ya Samaki na Wanyamapori peke yake. Leseni inakuruhusu kumvua samaki popote sheria za uvuvi zinaporuhusu, hata ndani ya mbuga. Gari lako ni habari nyingine. Discover Pass ndiyo inayokubalika kwa wote watatu.

Kwa nini wasiunganishe? Hapo kuna historia ambayo kila mvuvi anastahili kuijua, kwa sababu fedha ni zake. Mwaka 1937 Marekani ilipitisha sheria ya Pittman-Robertson: ushuru wa asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, unaorudishwa kwa majimbo kulinda wanyamapori. Mwaka 1950 ikafuata ya Dingell-Johnson kwa vifaa vya uvuvi. Ulipolipia ule mshipi wako, ushuru ulikuwa tayari ndani ya bei. Lakini mgao huo una sharti zito: jimbo halipati kitu mpaka litunge sheria kwamba fedha za leseni hazitumiki kwa kazi nyingine yoyote isipokuwa za idara ya samaki na wanyamapori. Kwa hiyo dola ya leseni yako haiwezi kwenda kukarabati vyoo vya mbuga, hata mkurugenzi wa mbuga akililia vipi.

Mbuga nazo zilibanwa upande wao. Bunge la jimbo lilipozipunguzia sana fedha za kodi, ikaanzishwa Discover Pass mwaka 2011, kwa dola 30 wakati ule. Mapato yake, hadi kiwango kilichowekwa na sheria, hugawanywa asilimia 84 kwa mbuga, na 8 kwa kila moja ya zile idara mbili.

Colorado, jimbo jingine, waliugusa ukuta huohuo wa fedha za leseni kutoka upande wa pili. Mwaka 2020 walianza kudai leseni ya kuwinda au kuvua kwa mtu mzima yeyote anayeingia maeneo ya wanyamapori ya jimbo, hata anayetembeza mbwa tu. Wengi walilalamika. Mimi naona Colorado walikuwa na hoja: maeneo yale yalinunuliwa au kukodishwa kwa fedha za wawindaji na wavuvi, na wengine walikuwa wakiyatumia bila kuchangia senti.

Rudi kwenye gari lako. Discover Pass ya mwaka ina nafasi ya namba mbili za usajili. Ziandike kwa wino, na kumbuka inafanya kazi kwa gari moja kwa wakati mmoja. Siku za bure zinazotangazwa kila mwaka ni za mbuga tu; ukiegesha siku hiyo kwenye eneo la idara nyingine bila kibali, faini iko palepale. Ukiingia kwa miguu au baiskeli, kibali hiki hakikuhusu kabisa, kwa kuwa kinadaiwa gari la injini. Na ukipanda kwenda Mount Rainier, hiyo ni hifadhi ya taifa: vibali vyako vyote viwili havitakusaidia getini, jiandae na kiingilio chake.