Sura nzuri ilinipa laiki, unga ukabaki ndooni

Nauza unga wa lishe. Ulezi, soya, mahindi, mchele na karanga kidogo. Nasagisha hapa Mbagala, nauza Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Tangazo langu la kwanza la kulipia lilinigharimu shilingi 30,000. Picha niliiokota mtandaoni: binti mwenye dimpozi, kashika kikombe, kaitazama kamera. Usiku kucha simu haikutulia, nikajua nimetoboa. Asubuhi nafungua komenti: "Huyo dada anapatikana wapi?" "Kaolewa?" Mmoja tu aliuliza bei, na alikuwa anauliza bei ya kikombe.

Wiki ile niliuza pakiti mbili. Moja alinunua shangazi.

Si kwamba nilikosea kila kitu. Macho ya binadamu hukimbilia uso kabla ya chochote. Hata kichanga wa saa chache hugeuka kufuata mchoro wenye umbo la uso. Na uso ukiwa mzuri, tunaupa sifa ambazo hatujaziona. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliandika jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao: aliyesifiwa kwa umbo na mwonekano alikuwa kasifiwa pia kwa akili na uongozi. Mteja naye ndivyo alivyo. Binti anapendeza, basi na uji wake utakuwa mtamu. Ila lazima kwanza auone huo uji, na mimi nilimwekea kitu cha kumzuia asiuone.

Kilichonifungua macho ni mteja mmoja aliyeniandikia kwamba binti yule yule kamwona kwenye tangazo la mafuta ya nywele. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Na unga nao ni wa kuokota?" Hiyo iliniuma kuliko ile elfu thelathini.

Nikamwomba jirani yangu, mama wa watoto watatu, nimpige picha. Nilimweleza itakwenda wapi na itakaa muda gani, akakubali kwa maandishi. Usiidharau hatua hii. Kenya, mwaka 2023, klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 za kule kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Picha za mwanzo alikuwa anaangalia kamera, zikawa picha za kitambulisho. Nikamwambia, mama, angalia uji unavyomiminika. Hapo ndipo penyewe. Mtu hufuata macho ya mwenzake; simama Kariakoo utazame ghorofani dakika moja uone watakaotazama na wewe. Macho ya mama yakishuka kikombeni, ya mteja nayo yanashuka, na chini ya kikombe ndipo nimeandika bei.

Nikaiposti picha ya mama. Haikufikia hata robo ya laiki za yule binti. Lakini inboksi waliingia watu wa kuuliza, "Mtoto wa miezi saba anakunywa?" Huyo ndiye mteja wangu.

Kama unauza vipodozi, mitandio au vilemba, haya hayakuhusu sana, maana uso ndiyo rafu yako ya duka. Weka mzuri, weka wengi. Ila wenye kurasa za habari mnaobandika sura ya msanii juu ya habari ya bei ya mafuta, nawajua, niliwahi kuifanya kazi hiyo. Msomaji anabonyeza, hamwoni msanii, anaondoka kakasirika, na kesho hata habari ya kweli hawaamini. Nyuso za kutengenezwa na akili mnemba nimezijaribu mara moja. Mama mmoja alihesabu vidole, havikuwa vitano.

Siku hizi kabla ya kuposti nauziba uso kwa dole gumba. Kilichobaki kisipoonyesha nauza nini, narudia kupiga.

Ile posti ya kwanza niliifuta zamani, lakini juzi kuna kaka kaniandikia, eti yule dada wa dimpozi bado yupo? Nikamjibu unga upo.